Kalamu Inateleza, Kingo Zinachanika: Kutafuta Chanzo Unapochonga Vibao Vidogo vya Brasi

Mteja ameleta kazi ya kibao cha mlango. Sentimita 10 kwa 5, jina juu, cheo chini, basi. Herufi mbili za kwanza zimetoka vizuri. Kwenye ya tatu kalamu inaponyoka na kupiga mkwaruzo mrefu hadi ukingoni. Hapo fundi mchanga hulaumu mkono wake, kesho yake hulaumu kalamu, na wiki inayofuata anatafuta pesa za kununua nyingine ya bei ya juu. Hiyo mpya nayo inaponyoka siku ya kwanza, kwa sababu kalamu nyingi za kunakshi huuzwa bila kunolewa. Kiwanda kinakupa chuma chenye umbo, makali ni kazi yako.

Nimeona pesa nyingi za vijana zikipotea kwa njia hii, na inaniuma. Ndiyo maana naanzia kwenye dalili, si kwenye orodha ya zana. Ukishajua dalili inatoka wapi, utajua unahitaji zana gani, na mara nyingi utakuta unayo tayari. Mashahidi ni watatu: mstari uliokatwa, maranda yanayotoka, na ncha yenyewe chini ya lenzi. Usibadili kitu kabla hujawasikiliza wote watatu.

Tuelewane maneno kwanza. Kalamu ni kile chuma chembamba chenye mpini wa mviringo wanachosukuma masonara kwa kiganja. Uso wake ni pale mbele palipokatwa mshazari. Kisigino ni kibapa kidogo sana kilichosuguliwa upande wa chini, nyuma tu ya ncha. Maranda ni kile kinachochomoka mbele ya ncha, kama ya seremala ila madogo.

Kabla ya zana: hilo ni brasi kweli?

Neno letu "shaba" linabeba metali mbili, na jambo hilo huleta hasara dukani. Shaba nyekundu ni shaba tupu. Brasi, yaani shaba ya njano, ni shaba iliyochanganywa na zinki. (Katanga ilipoitwa mkoa wa Shaba, kati ya 1971 na 1997, ilikuwa kwa heshima ya hiyo nyekundu.) Ukimwambia muuza vyuma chakavu unataka bamba la shaba, anaweza kukupa nyekundu kwa nia njema kabisa, nawe ukahangaika siku nzima, maana nyekundu ni laini, inanata kwenye ncha na kingo zake huinuka. Sema brasi.

Kama mchongo unatoka mweupe badala ya njano, hiyo ni alumini iliyotiwa rangi ya dhahabu, kama ile inayobandikwa kwenye vikombe vya mashindano. Kama sumaku inashika, ni bati la chuma lililopakwa brasi juu. Ukitaka uhakika bila kukwaruza kitu cha mteja, tumia mizani ya jikoni: bamba la sentimita 10 kwa 5 lenye unene wa milimita 1.5 linatakiwa kuwa na gramu 63 hivi likiwa brasi. Likiwa alumini halifiki hata 21.

Hata brasi yenyewe si moja. Iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa, inayouzwa kwa alama kama CZ120, ina shaba karibu asilimia 59, zinki 39 na risasi 2. Hiyo risasi kidogo ndiyo inayokatakata maranda: badala ya uzi mrefu unaojisokota, zinatoka chenga fupi, na kingo zinabaki safi. Ya kawaida isiyo na risasi, yenye shaba 63 na zinki 37, inatoa uzi mrefu na inapenda kunata. Kwa hiyo chukua kipande cha pembeni, kata mstari wa sentimita mbili, tazama kilichotoka. Ukiona chenga, chonga kavu bila wasiwasi. Ukiona uzi unaonata kwenye uso wa kalamu, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha kila mistari michache, na ukate kwa kina kidogo kidogo.

Na kwa kuwa risasi imo, usipulize maranda kwa mdomo. Yafagie kwa brashi, nawa mikono kabla ya chai, na vaa miwani. Chenga za brasi zinaruka.

Kalamu inateleza juu ya bamba bila kuuma

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na nitakaa nalo. Chunguza kwa mpangilio huu, maana sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Anza na ncha. Iweke juu ya ukucha wa dole gumba, uilaze kidogo, kwa uzito wake tu bila kusukuma. Kali inanasa ukucha palepale. Butu inateleza kama kijiti. Kisha ishike chini ya taa, tazama kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10, ukiizungusha taratibu. Kwenye ncha kali huoni kitu: kingo zinakutana na kupotea. Ukiona kimulimuli, nukta nyeupe inayorudisha mwanga, hapo ndipo pamelika au pamevunjika. Nukta hiyo ni ndogo kuliko punje ya chumvi, lakini kwa brasi ni gurudumu. Kalamu inaviringika juu yake na kukukimbia.

Kunoa si siri. Uso ukatwe kwa nyuzi 45 kutoka kwenye mgongo wa kalamu. Usikisie kwa jicho: kata kipande cha mninga kwa nyuzi 45, kiegemeze kwenye kinoo, lalisha kalamu juu yake, sugua uso mpaka kimulimuli kiishe. Anza na kinoo cha kati, malizia na laini sana, au na bamba la almasi laini kama unalo. Mikwaruzo ya kinoo iliyobaki kwenye uso huonekana baadaye ndani ya mstari kama ukijivu, kwa hiyo mteja akitaka mchongo unaomeremeta, ng'arisha uso wa kalamu kwanza.

Sababu ya pili ni kukosa kisigino. Kalamu isiyo na kisigino tumbo lake limenyooka sambamba na bamba. Ili ncha iume inabidi uinue mpini hewani, na mkono uliopo hewani hauna pa kuegemea. Ukiuegemeza, ncha inatoka. Kisigino kinaondoa ugomvi huo: kinalala ndani ya mfereji ambao ncha imeshaukata, kinabeba kalamu kwenye kina kilekile, na mpini unainuka vya kutosha kwa vidole kupita chini yake. Pembe inayofaa kwa brasi ni nyuzi 15 hadi 20. Hapa pia tumia kabari ya mti: ikiinuka sentimita 1 kwa kila sentimita 3 za urefu, una nyuzi 18, na hizo zinatosha kwa karibu kila kazi ya vibao. Misuguo miwili au mitatu mepesi tu kwenye kinoo laini. Kisigino cha kuchonga herufi ndogo hakitakiwi kufika nusu milimita.

Kalamu yenye umbo la V ina visigino viwili, kulia na kushoto. Kama kalamu yako inauma lakini kila mara inavuta upande mmoja, hata kwenye mstari ulionyooka, usipigane nayo kwa nguvu za kifundo cha mkono. Itazame kwa lenzi kutoka chini. Utakuta kisigino kimoja ni kirefu kuliko kingine. Sugua uso upya mpaka visigino viishe, kisha vikate vyote viwili kwa idadi sawa ya misuguo.

Sababu ya tatu iko nje ya kalamu: bamba halijashikwa. Bamba jembamba likibanwa ncha mbili kwenye jiliwa linapinda katikati, nayo kalamu inaona mlima badala ya uwanda. Bandika kibao chote juu ya kipande cha mti mgumu kilichorandwa sawa, kwa tepu ya kunata pande mbili, au kwa lakiri iliyoyeyushwa kama wafanyavyo masonara, kisha bana ule mti kwenye jiliwa. Ukimaliza, pasha mti taratibu na kibao kitaachia. Kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada cha kushoto lilitokana na bamba lililoshikwa kwa mkono "mara moja tu, herufi moja imebaki". Mkono usiochonga ukae nyuma ya ncha au pembeni, kamwe usikae mbele yake.

Kalamu inazama na kukwama

Hii ni kinyume cha kuteleza. Ama umeinua mpini kupita kisigino kinavyotaka, ama kisigino chenyewe kimekatwa mwinuko mdogo mno. Shusha mkono kwanza. Ikiendelea kuzama hata mkono ukiwa chini, ongeza pembe ya kisigino. Ukishakwama usivute mpini juu kama unang'oa msumari. Rudisha kalamu nyuma kwa njia ileile iliyoingilia.

Kingo za mstari zimeinuka au zimechanika

Pitisha ukucha juu ya herufi. Ukihisi inakwaruza pande zote mbili, brasi imesukumwa pembeni badala ya kukatwa. Kosa la kawaida bado ni ncha butu, na tiba yake umeshaisoma. La pili ni tamaa: kutaka kufika kina chote kwa msukumo mmoja. Kata mstari mwembamba wa kuongoza, kisha rudia mara mbili au tatu.

Lakini kuna chanzo cha tatu ambacho hakionekani machoni, nami kilinigharimu kibao kizima kabla sijakielewa. Kazi ilikuwa ya kibao kisicho na tundu za skrubu, kwa hiyo nilichomelea vijiti vinne vya brasi mgongoni kwa solda ya fedha, nikakisafisha, nikaanza kuchonga. Kalamu ileile iliyokata vizuri asubuhi sasa ikawa kama inalima ugali. Kingo zilivimba, maranda yakajikunja na kubaki palepale. Nilinoa mara tatu. Kalamu haikuwa na kosa. Solda ya fedha inahitaji zaidi ya nyuzi 600 za joto, na bamba la brasi likifika huko linalainika. Ule ugumu alioutia mviringishaji kiwandani kwa kulipitisha bamba kwenye rola unaondoka wote, na haurudi kwa kulipoza kwenye maji.

Tangu siku hiyo nachonga kwanza, nachomelea baadaye. Na kama vijiti havibebi uzito, natumia solda laini ya risasi na bati, ile ya mafundi redio, inayoyeyuka chini kidogo ya nyuzi 200. Joto hilo haliligusi bamba.

Kingo zilizoinuka kidogo zinaondolewa kwa msasa wa maji namba 1000 uliokunjwa juu ya kipande cha mti kilichonyooka, misuguo michache ya upande mmoja. Usizipeleke kwenye gurudumu la kung'arishia. Kitambaa kinazama ndani ya herufi na kuzungusha kingo, na maandishi yaliyokuwa makali yanaonekana kama yameyeyuka. Bamba hung'arishwa kabla ya kuchongwa.

Mstari ulionyooka ni safi, lakini kwenye mikunjo kuna kivuli

Tazama herufi S au C. Ukiona upande wa nje wa mkunjo kuna alama ya pili, kama mkwaruzo mpana unaoandamana na mstari, kisigino ni kirefu. Kwenye mstari mnyoofu kinafuata mfereji. Kwenye kona hakiwezi kupinda, kwa hiyo mkia wake unasugua ukingo wa nje. Sugua uso wa kalamu mpaka kisigino kibaki robo milimita. Na zungusha bamba badala ya mkono: mkono unaosukuma ukae palepale, ule mwingine ukilete bamba kwenye ncha. Hiyo ndiyo faida ya jiliwa la mviringo linalozunguka, na kama huna, mto wa ngozi uliojazwa mchanga chini ya kile kipande cha mti unafanya kazi hiyo.

Ncha inavunjika kila baada ya herufi chache

Uliza kwanza inavunjika lini. Ikivunjika mwisho wa mstari, kosa ni lako wakati wa kutoka: umekandamiza mpini chini ili kung'oa maranda. Malizia kwa kushusha mpini huku bado unasukuma mbele, ncha ipande yenyewe na kuyaachia maranda. Ikivunjika katikati, uso umekatwa mlalo mno na ncha imekuwa nyembamba. Simamisha uso kutoka nyuzi 45 hadi 50 au 55.

Kisha kuna suala la chuma chenyewe, na hapa maneno ya wauzaji hupotosha sana. Wanakuambia kabaidi ndiyo bora. Kabaidi ni ngumu mno na inashika makali muda mrefu, ni kweli, ila inavunjika kama kauri, na kinoo cha kawaida hakiigusi, inataka almasi. Brasi ni metali laini. Kwa fundi anayeanza na vibao, kalamu ya hai-spidi (chuma kigumu kinachostahimili joto) inatosha kabisa, inavumilia makosa ya mkono, na inanolewa kwa kinoo chochote kizuri. Kabaidi uinunue siku utakapoanza kuchonga chuma cha pua.

Kama pesa ya kalamu ya dukani haipo, tafuta kwa wakereza vyuma vile vijiti vya mraba vya hai-spidi vya milimita 3 wanavyofungia kwenye mashine. Kimoja kikitiwa mpini kinakuwa kalamu ya miaka. Wengi hutumia pia tupa kuukuu ya pembe tatu. Inafaa, ila tupa ni feleji ya kaboni, na feleji ya kaboni ina adui anayeitwa rangi ya buluu. Ukiinoa kwenye grainda na ncha ikageuka njano ya majani makavu, imefika nyuzi 230 hivi na bado ni nzima. Ikigeuka buluu imepita 290, ugumu umeondoka, na ncha hiyo itakunjika hata kwenye brasi. Hapo kata sehemu yote ya buluu na uanze upya, ukichovya majini kila baada ya sekunde mbili tatu. Hai-spidi haina tatizo hilo kwa joto la namna hiyo, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kuipendelea.

Mashine ndogo ya kuzungusha: mstari una meno kama msumeno

Wengi wanaanza na Dremel au mashine za aina yake, na sioni ubaya. Ila dalili zake ni nyingine. Mstari ukiwa na vipele au mawimbi, zima mashine na utazame koleti, yaani kile kikaza kinachoshika biti (kichwa cha kukatia), kabla ya kitu chochote. Vipenyo vya mashikio ya biti vinakaribiana kwa namna inayodanganya: vichwa vya madaktari wa meno vya mashine iliyonyooka vina milimita 2.35, vya mashine ya kasi vina 1.6, na biti nyingi za kabaidi za mafundi wa saketi zina 3.175. Koleti za Dremel ni 0.8, 1.6, 2.4 na 3.2. Biti ya 2.35 ndani ya koleti ya 3.2 unaweza kuikaza ikaonekana imeshika, lakini inazunguka kama mguu mbovu wa baiskeli. Weka ya 2.4. Halafu sukuma biti ndani mpaka sehemu inayotokeza iwe fupi iwezekanavyo.

Ikiwa koleti ni sahihi na mstari bado ni mbaya, tazama kichwa chenyewe. Zile seti za vichwa 20 au 30 vya almasi zinazouzwa kwa bei ya chini hazifai kwa brasi. Brasi inaingia kati ya chembe za almasi na kuziba, kichwa kinabaki kusugua tu, na mstari unatoka wa kijivu. Vivyo hivyo vile vijiwe vya waridi na vya kijani. Kinachotakiwa ni kichwa chenye meno: cha kabaidi, cha mviringo au cha koni, kipenyo cha milimita 1 au chini ya hapo, mashine ikienda kasi na mkono ukienda polepole bila kukandamiza. Kichwa chochote huvuta upande mmoja kwa sababu ya mzunguko. Jua upande huo kwenye kipande cha taka kabla hujagusa kibao cha mteja.

Mstari mwembamba hapa, mnene pale

Hii huwapata zaidi wenye pantografu (mashine inayonakili herufi kutoka kwenye kigezo) na mashine za kompyuta, na hesabu yake ni nzuri kuijua. Ncha ya V ya nyuzi 90 inakata upana ulio mara mbili ya kina. Ncha ya nyuzi 120 inakata karibu mara tatu na nusu. Kwa hiyo kwa kina cha milimita 0.2 ile ya kwanza inaacha mstari wa 0.4, na ya pili unaokaribia 0.7. Sasa chukua bamba lililopinda kwa milimita 0.1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Ncha ya 90 itabadilisha upana kwa 0.2, na ya 120 kwa 0.35. Mashine haina kosa, inakwenda kina kilekile kutoka mezani; bamba ndilo linalopanda na kushuka.

Nyoosha bamba, libandike lote kwa tepu ya pande mbili juu ya meza iliyonyooka, au tumia pua yenye springi inayokanyaga uso wa bamba na kuifanya ncha ifuate mwinuko. Na chagua ncha kwa ukubwa wa herufi. Herufi ya urefu wa milimita 3 haibebi mstari wa 0.7, matumbo ya a na e yanajaa na jina halisomeki kutoka hatua mbili. Hapo tumia ya 90, au nyembamba zaidi. Ya 120 iwekee herufi kubwa na maua, kwa sababu kuta zake pana zinarudisha mwanga vizuri.

Leza haiachi alama. Ncha ya almasi inaacha alama inayofutika

Mashine za leza zinazokata mbao na akriliki mitaani nyingi ni za kaboni dioksidi, na brasi tupu inaurudisha mwanga wake kama kioo. Unaweza kupata alama kwa kupaka dawa maalumu kwanza, lakini alama hiyo inakaa juu ya bamba, haijachongwa. Inayochonga brasi ni leza ya faiba. Uliza kabla ya kulipa.

Ncha ya almasi ya kukokota, isiyozunguka, inaacha mstari mwembamba unaometa, mzuri sana kwenye brasi iliyopakwa vanishi kwa ajili ya zawadi. Kwa kibao cha mlango kitakachosuguliwa kila Ijumaa usiitumie. Ni mkwaruzo tu, na miaka michache ya kung'arishwa inaufuta.

Tundu za skrubu zimerarua kona

Keekee inaingia ghafla, inalibeba bamba na kulizungusha. Biti za kawaida zina makali ya kuchimba chuma, na kwenye brasi zinajivuta zenyewe kama skrubu. Pitisha kinoo kidogo kwenye makali mawili ya mbele ya biti, sambamba na urefu wake, mpaka kila moja liwe na kibapa chembamba kama unywele. Itakwangua badala ya kujivuta. Bana bamba, na toboa kabla ya kuchonga, ili kona ikiharibika usiwe umeharibu na jina.

Rangi imevuja nje ya herufi, au kibao kimekuwa cheusi

Rangi ya mafuta ikivuja, bamba lilikuwa na mikwaruzo iliyobaki, au ulifuta kwa kitambaa laini kilichozama ndani ya herufi na kuivuta rangi nje. Jaza, subiri mpaka uso uanze kunata, kisha futa kwa kadi ngumu iliyovingirishiwa pamba yenye tapentaini kidogo, ukipita mshazari juu ya mistari. Thina kali inang'oa kila kitu.

Weusi wa haraka, hasa Mombasa, Tanga na Unguja ambako hewa ina chumvi, unatokana na vidole. Alama ya kidole iliyobaki chini ya vanishi itajitokeza, ikiwa na mistari yake yote. Osha kibao kwa sabuni, kikaushe, kifute kwa spiriti, kishike kwa kingo tu, paka vanishi angavu tabaka mbili nyembamba. Kibao kisichopakwa vanishi mwambie mteja akisugue kwa dawa isiyo na amonia, hasa kama umekikunja kufuata nguzo. Brasi iliyokunjwa inabeba mvutano ndani yake, na amonia huipasua. Jeshi la Uingereza nchini India liliona hivyo kwenye maganda ya risasi: yaliyohifadhiwa mazizini msimu wa mvua yalipasuka yenyewe, kwa amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi. Kwa vibao vya kukunjwa mimi humpa mteja ndimu, chumvi na kitambaa, na kumwomba akisuuze kwa maji mengi na kukikausha palepale.